Hija ya Ziwa Nkunga

Siku hiyo mjinga alikuwa Mbaabu. Tuliseme mapema, tusije tukazungushana.

Ilikuwa mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Jasusi aliyetegemewa kuliko wote na watu wa msituni, upande wa Meru, yeye huyo Mbaabu, alikuwa anapanda kilima na sanduku kichwani. Mgongoni kwake ilielekezwa bunduki ya Sten. Aliyeishika ni Koplo Marete, na nyuma ya Marete walikuja homgadi watano, wenyeji walioajiriwa na serikali. Mbele alitangulia Bwana Hallam, kamera ya Leica shingoni, bastola ya Webley kiunoni, anapiga mluzi.

Walikuwa wanaelekea ziwa Nkunga.

Na aliyewatajia pango la huko ni Mbaabu mwenyewe.

Amri ilikuwa imetoka jana yake, buchani kwa Suleiman, pale Majengo. Suleiman, mpokezi wa amri za msituni, akitaka kusema siri alipasua mifupa. Mpita njia alisikia shoka tu.

"Mzungu wa picha umemsikia?" Pa!

"Yule aliyetoka Tibet? Nimemsikia."

"Anatafuta mbeba mizigo wa kwenda naye Nkunga. Utakwenda wewe." Pa! "Koome amelala pangoni kule, ana risasi kwenye paja. Hawezi kukimbia. Mzungu akiwa mtalii, mtembeze umrudishe. Akiwa kachero, mcheleweshe."

"Na silaha?"

Suleiman akampa kioo cha kunyolea. "Mmulikie Koome kwa jua. Atajua afanye nini."

"Kioo, Suleiman? Wenzangu wanapewa bastola."

"Wenzako hawana mdomo kama wako. Nenda, na uufunge."

Koome alikuwa shemeji wa Mbaabu, kitinda mimba wa mama mkwe wake, Ciakuthii. Koome akifa kwa uzembe wa Mbaabu, basi Mbaabu hana tena mlango wa kubisha kwa wakwe. Pengine hata kwake mwenyewe, kwa mkewe na mtoto wao Kathure.

Alasiri hiyo Hallam alionyesha picha zake kwenye ghala la mahindi. Madirisha yakazibwa kwa magunia. Watu wakajaa gizani. Taa ikawaka, na ukutani ikatokea Tibet.

Ziwa la samawati, kubwa usilione mwisho. Milima ya theluji. Na kando ya maji, nyumba za watawa wa Kibudha, zimeng'ang'ania majabali kama viota vya mbayuwayu.

"Nimelizunguka lote kwa miguu," Hallam alisema, Kiswahili chake kimenyooka. "Hija ndiyo hiyo. Unatembea ziwa likiwa kulia kwako. Daima kulia. Kila nyumba unaingia, unainama, watawa wanakupa chai ya siagi na chumvi."

"Hiyo si chai, bwana! Hiyo ni supu imepotea njia!" Mbaabu akarusha.

Ghala zima likacheka. Nyuma kabisa mtu akapiga chafya ya ugoro, ndefu, ya kujinyoosha.

Ndipo ikaja picha ya mtawa mzee, ameketi barazani na upepeo mkononi.

Mbaabu akasogea mbele kuitazama. Aliwahi kuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, huko Burma. Homa ilimwangusha, wenzake wakamlaza kwenye baraza la nyumba ya watawa, na mzee mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa akampepea hadi homa ikashuka. Hakumuuliza anapigania nani. Tangu siku hiyo, mtu akiwasifu watawa, Mbaabu alimwona ndugu.

"Nasikia hata ninyi mna ziwa takatifu," Hallam akasema polepole.

"Tunalo! Nkunga! Wazee wetu wanaomba pale. Hata pango lipo, chini ya mti wa mugumo uliopinda. Mtu anaweza kukaa humo mwezi mzima asionekane!"

Ghala likanyamaza.

Hata wa chafya akanyamaza.

Sasa walikuwa wamefika Nkunga, na ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kama blanketi. Jua hakuna. Mbaabu akapapasa mfuko, akachungulia kile kioo. Ndani yake aliona mjinga mmoja tu, amebeba sanduku.

Njia iligawanyika mara mbili. Hallam hakusita. Akageuka, ziwa likabaki kushoto.

"Bwana," Mbaabu akasema, "hija si kulia?"

Hallam akatabasamu. "Marete anaujua mugumo huo; pango liko upande huu. Tua sanduku."

Akainua treya ya picha za vioo. Chini yake kulikuwa na redio.

"Chui Mbili, Chui Mbili, hapa Chui Moja. Ova."

Redio ikakoroma. "Chui Mbili tuko Kiirua. Malori manne, injini zinanguruma. Ova."

"Ngojeni neno langu. Nikiliona pango, zingireni msitu. Mwisho."

Toka mjini Mbaabu alikuwa amebeba kifo cha shemeji yake kichwani, tena kwa kukisawazisha kisianguke.

Akatwishwa tena.

Apige kelele? Pango liko mbali, Sten iko karibu. Akimbie? Kwenda wapi? Miguu ikatembea yenyewe. Hakuwa na la kufanya, na alijua hana.

Mara, chafya.

Chafya ile ile, ya kujinyoosha.

Ukungu ukapasuka. Katikati ya njia aliketi Ciakuthii, miguu ameinyoosha, kikopo cha ugoro mapajani. Kushoto mteremko wa kuingia majini. Kulia kichaka cha upupu.

Mwanamume wa Meru hamtazami mama mkwe usoni, wala hampiti njiani. Mbaabu hakufikiri. Alijitupa kwenye upupu, na sanduku likamtoka, likabiringika mteremkoni.

Chubwi!

Nyumba zote za watawa, na redio chini yake, zikazama Nkunga.

Tena mama mkwe wa mmoja ni mama mkwe wa rika lake lote, na homgadi wale walikuwa rika moja na Mbaabu. Wakamfuata kwenye upupu, wamefunika nyuso. Marete akaingia na Sten yake.

"Rudini!" Hallam akafoka. "Ni bibi kizee tu!"

"Ni mama mkwe, bwana!" Marete akajibu kutoka kichakani, anajikuna.

"Wa nani?"

"Wetu sote!"

Webley ikatoka. "Mama, ondoka njiani."

"Magoti, mwanangu. Ngoja yapoe."

"Nitapiga!"

Nyundo ya bastola ikarudi nyuma. Mbaabu aliisikia, uso wake umezama kwenye majani yanayowasha. Hakuweza hata kugeuka. Machozi yakamtoka, na si ya upupu peke yake.

"Bwana," Marete akaita, "ukimpiga huyo, hatutoki humu milele. Pango utalitafuta mwenyewe."

Hallam akautazama ukungu. Mtu mmoja, bastola moja, msitu asioujua.

Akangoja.

Ciakuthii akanusa ugoro bila haraka. Akafunga kikopo. Akafungua tena, akanusa. Hatimaye akainuka, akajitanda shuka kichwani, akaingia ukunguni kama aliyekumbuka chungu motoni.

Pangoni walikuta majivu yenye joto na kitambaa cha damu.

Kiirua, malori manne yalikuwa bado yanangoja neno.

Hallam akamzaba Mbaabu kofi. "Mjinga wewe! Unatupa redio kwa kumwogopa mwanamke!"

"Ndiyo, bwana. Mjinga, bwana."

"Potea!"

Mjinga hafungwi. Mbaabu akakung'uta koti, akawasha sigara, akarudi na njia ile ile taratibu, ziwa likiwa kulia kwake. Yule mzee wa Burma angefurahi.

Nyuma ya mti mtu akapiga chafya.

Mbaabu akasimama, akampa mgongo kwa heshima.

"Mama, Koome?"

"Wanawake waokota kuni wamembeba. Yuko mbali."

"Basi tumewashinda! Na redio nimeizamisha mimi."

"Ilikuponyoka."

"Si imezama lakini? Halafu mama, zile picha zingemlegeza mtu yeyote. Ziwa lile! Watawa wale! Nani angeziona akajizuia?"

Ciakuthii akafunga kikopo chake.

"Nilikuwa nyuma yako gizani, baba Kathure. Niliziona zote. Mimi mbona nilinyamaza?"