Maji ya Paa Jipya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kuluthumu alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja wa mbele, akaijaza maji beseni ambayo baba yake alitumia kutafutia matundu ya mipira ya baiskeli, kisha akazitoa nje baiskeli za wateja, moja moja, na kuziegemeza ukutani. Baba yake, Yahaya, alikuwa fundi baiskeli mtaani Mtendeni, mjini Tabora. Wateja wake walitoka hata Kwihara, na baiskeli nyingine zilifika zimefungwa kamba mahali pa skrubu.

Mwaka ule wa 1968 kazi ya tatu ilikuwa imekuwa nyepesi sana. Zamani palikuwa na mtaro kati ya nyumba na barabara, na Kuluthumu alizivusha baiskeli juu ya ubao mwembamba huku akiomba asiteleze. Sasa mtaro haukuwapo. Mbele ya mlango palikuwa tambarare, pamefunikwa udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri, na mteja aliweza kuingia na baiskeli yake bila hata kushuka.

Udongo ule ulitoka juu ya nyumba yao wenyewe. Nyumba ilikuwa tembe, kama babu yake Kuluthumu alivyoijenga: kuta nene za udongo, boriti na fito juu yake, na juu kabisa paa bapa la udongo, unene wake shubiri mbili. Mwezi wa Septemba Fundi Yahaya alilibomoa paa lile akaezeka mabati. Lakini paa la udongo likishushwa chini ni kilima. Kilima kikakaa mlangoni siku nne. Siku ya tano Fundi Yahaya alikitazama kilima, akautazama mtaro, akasema, "Hawa wawili wanafaa waoane."

Basi Kuluthumu, mama yake na binamu yake Mfaume wakabeba udongo kwa makarai, na kabla jua halijatua mtaro ulikuwa umejaa.

Jambo moja Kuluthumu hakulisema siku ile. Kabla ya kuezeka, Baraza la Mji lilikuwa limempa baba yake kibali cha ujenzi. Fundi Yahaya alisomea madrasa. Herufi za Kiarabu alizisoma bila kukwama, ila herufi za shule zilimchosha macho. Kwa hiyo karatasi zote za serikali alisomewa na Kuluthumu, aliyekuwa darasa la sita. Siku ya kibali, wasichana wenzake walikuwa nje wakimngoja wacheze rede. Akausoma ukurasa wa mbele mbio mbio: jina, namba ya kiwanja, idadi ya mabati, muhuri.

"Halafu?" baba yake aliuliza.

"Basi, baba. Ni hayo tu."

Nyuma ya karatasi palikuwa na maandishi madogo. Aliyaona. Akaikunja karatasi, akaitia sandukuni, akatoka mbio.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, mchana. Chini ya paa la zamani mvua ilikuwa jambo la kunong'ona. Mtu aliweza kuitambua kwa harufu kabla hajaisikia. Siku ile nyumba nzima ilinguruma. Mama yake alifumbua mdomo akasema neno, na Kuluthumu aliona midomo tu. Alikwenda mlangoni. Kwenye ukingo wa mabati maji yalikuwa yakishuka kama pazia la kioo, bila kukatika. Alinyoosha mkono, na maji yakausukuma chini kama mkono wa mtu mzima. Miaka kumi na miwili ameishi chini ya mbingu hii, na hakuwahi kujua kwamba ina uzito kiasi hicho.

Mvua ilipopusa, alimwona jirani yao Bi Maua akichota maji uani kwake kwa sufuria. Bi Maua alikuwa mjane mzee, nyumba yake tembe bado, upande wa juu wa mtaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unayaona haya maji? Zamani yalipita tu, hata salamu hayakutoa. Sasa yanakuja kukaa." Akacheka kidogo, lakini mkono wake mwingine ulikuwa ukiushika ukuta, ukiupapasa, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Jumatano, Kuluthumu alipokuwa ametoka shule, alikuja Ndugu Sylvester, mkaguzi wa Baraza la Mji. Watu walimwita Bwana Afya, kama walivyowaita wote waliokuja kukagua vyoo na mitaro. Alikuwa kijana mwembamba, na suruali yake ameibana kwa kibanio cha nguo isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli.

"Mwadila, fundi," alisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwadila, Bwana Afya. Leo ni tairi au breki?"

"Leo ni mtaro."

Wateja waliokuwa wakingoja walicheka. Mmoja, Mzee Mabruki, muuza tumbaku, akasema, "Mtaro umesafiri. Umepanda treni, sasa uko Tura."

Ndugu Sylvester naye alicheka, kisha akaomba kopo la maji, kipande cha bati na karai moja la ule udongo wa paa. Aliliegemeza karai la udongo kwenye jiwe, limelala upande, akaumiminia udongo kopo zima polepole. Udongo ukabadilika rangi, ukanywa, ukanyamaza. Yakatoka matone machache tu. Kisha akamimina kopo jingine juu ya bati. Maji yote yakashuka papo hapo, yakamlowesha Mzee Mabruki viatu.

"Mvua ni ile ile, fundi," alisema. "Paa la baba yako lilikuwa likinywa kwanza, linakupa baadaye kidogo kidogo. Bati halinywi. Umeongeza maji mtaani, na siku zile zile umeiziba njia yake. Yatakwenda wapi?"

Kuluthumu alibaki akiutazama udongo ulionyamaza. Kwa hiyo babu alikuwa amelala miaka yote chini ya kitu kilichokuwa kikinywa mvua. Aliona ajabu kubwa kwamba hakuna aliyemwambia.

Lakini Fundi Yahaya alikuwa amekasirika, kwa sababu wateja walikuwa wakitazama. "Mimi nina kibali. Kama kuna neno la mtaro lingesomwa. Binti yangu huyu alinisomea yote. Kulu, hukusoma yote?"

Watu wote wakamgeukia.

"Nilisoma yote, baba," alisema Kuluthumu.

Ndugu Sylvester alimtazama kidogo, hakumbana. "Basi keshokutwa nitaleta nakala ya ofisini, tuisome pamoja," alisema, akapanda baiskeli yake.

Jioni ile, kabla taa haijawashwa, Kuluthumu aliifungua karatasi sandukuni na kuigeuza. Ilisema kwamba mwenye nyumba anayebadili paa ahakikishe maji yake yanafika mtaroni bila kuingia kwa jirani. Kwamba mtaro usifukiwe wala usijengewe juu. Kwamba anayetaka njia ya kuvukia alaze bomba la saruji chini yake. Na kwamba kila mmoja auzibue mtaro ulio mbele ya kiwanja chake kabla ya masika. Mistari minane tu. Kuisoma kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Akisema, baba yake ataonekana mwongo mbele ya mtaa mzima, naye hakuwa mwongo. Asiposema, Bi Maua ataendelea kuupapasa ukuta wake.

Kesho yake alasiri walikuwa wakirudi kutoka shule yeye na Mfaume.

"Unatembea kama umemeza spoki," Mfaume alimtania. Kuluthumu alikuwa akitazama mbele. Upande wa mashariki anga lilikuwa limejaa wingu jeusi lililoelekea buluu, pana kuliko mji, na chini yake nyumba zote za Tabora zilionekana ndogo kama punje za mtama zilizoanikwa. Kisha upepo ukaja, na nyuma ya upepo mvua.

Walipofika mtaani maji yalikuwa yakishuka barabarani kwa kasi, yamebeba majani na madonge ya udongo. Yalifika mbele ya nyumba yao, yakaukuta udongo ulioshindiliwa, yakasimama. Kisha yakageuka. Hayakufanya haraka. Yalirudi nyuma kama ng'ombe waliokuta zizi limefungwa, yakaingia uani kwa Bi Maua na kupanda ukutani. Kuluthumu aliona ukuta ukibadilika rangi toka chini kwenda juu, kama ule udongo wa karai. Ulikuwa unakunywa. Kipande cha ukubwa wa sinia kilibanduka pembeni kikaanguka majini bila sauti.

"Mfaume, mtoe bibi. Mpeleke kwa mama," alisema, akakimbilia karakana ya baba, chumba cha mbele cha nyumba yao.

Baba yake alikuwa ndani na wateja watatu waliojikinga mvua, Mzee Mabruki mmojawapo. Kuluthumu alisimama mbele yake akasema lile neno, lakini mabati yalikuwa yakinguruma na baba yake akaweka mkono sikioni. Hakukuwa na namna ya kulisema kwa siri. Ilibidi apaze sauti.

"Baba, sikusoma nyuma ya karatasi. Imeandikwa mtaro usifukiwe. Nilikudanganya. Ukuta wa Bi Maua unaanguka."

Wateja wote walisikia. Fundi Yahaya alimtazama binti yake. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, na Kuluthumu hakuinamisha kichwa. Kisha baba akaiweka chini pampu aliyokuwa ameishika, akachukua jembe.

"Chepe liko nyuma ya mlango," aliwaambia wateja. "Anayeweza, anisaidie."

Walitoka wote. Mzee Mabruki alivua viatu vyake na kuviweka juu ya benchi. Fundi Yahaya alilima ule udongo alioushindilia mwenyewe, na safari hii ulikuwa mzito mara mbili. Kuluthumu na mama yake waliusomba kwa makarai. Mfaume, alipokwisha kumkalisha Bi Maua mahali pakavu, akaja na sinia. Hakuna aliyesema neno la lawama. Mvua haikuwapa nafasi.

Mara jembe likazama, na maji yakaliona tundu. Mwanzoni ulipita mkondo mwembamba kama mnyororo. Ukakata kingo, ukapanuka, na ghafla udongo uliobaki ukasukumwa wote kwa pamoja. Maji yaliondoka kwa mngurumo uliowafanya waruke nyuma. Yalitoka uani kwa Bi Maua, yakatoka barabarani, yakaupata mtaro wao wa zamani na kuujaza bila kumwagika hata kidogo, kana kwamba mtu aliupima kwa ajili yao. Walisimama mvuani wakitazama, watu wazima na watoto, wamelowa hadi mifupa. Mzee Mabruki ndiye aliyesema, taratibu, "Subhanallah."

Pembe moja ya nyumba ya Bi Maua ilianguka. Nyumba ilisimama.

Ijumaa Ndugu Sylvester alikuja na nakala yake. Alimkuta Fundi Yahaya yumo ndani ya mtaro, akitoa matope ya mwisho.

"Kosa ni langu," Fundi alisema kabla hajaulizwa. "Karatasi ni yangu."

"Na mimi nilisema uongo," alisema Kuluthumu. "Mbele yako, Bwana Afya, na mbele ya baba."

Ndugu Sylvester aliikunja ile nakala, akaitia mfukoni. Alikaa ukingoni mwa mtaro akawaonyesha namna ya kulaza bomba la saruji chini ya njia ya baiskeli, na namna ya kuelekeza maji ya bati yasimwagikie kwa jirani. Jumamosi yote walijenga pembe ya Bi Maua kwa udongo ule ule wa paa, naye aliketi akiwasimamia, akiwaambia wapi wamepinda.

Jumapili, alipotoka misa, Ndugu Sylvester aliwachukua Kuluthumu na baba yake akawaambia waufuate mtaro wao hadi mwisho. Kuluthumu hakuwahi kufikiri kwamba una mwisho. Walishuka nao. Mtaro wa mtaa wa pili uliingia humo, kisha wa tatu, kisha mingine aliyoshindwa kuihesabu, kila mmoja ukileta maji ya nyumba asizozijua.

"Hii ilikuwa njia ya misafara," Ndugu Sylvester alisema. "Wapagazi waliikanyaga na mizigo yao wakienda pwani, miaka na miaka, mpaka ardhi ikazama. Maji yakaifuata miguu yao. Waliopima mji wakayafuata maji."

Kuluthumu alitazama chini, akajaribu kuiwazia ile miguu yote, akashindwa.

Nje ya mji mtaro ulipanuka na kuingia bondeni. Palikuwa na majaruba ya mpunga, moja baada ya jingine, yamejaa maji yaliyotulia, na mbingu yote ilikuwa imelala humo. Wanawake walikuwa wameinama wakipandikiza miche.

"Maji ya bati lenu ni haya," alisema Ndugu Sylvester. "Juzijuzi yalikuwa yanabomoa nyumba ya ajuza. Leo yanalima. Sheria ya mtaro haikuandikwa kumchukia mwenye nyumba. Iliandikwa kwa sababu mvua haiishii kwenye uzio wa mtu, na kila anayejenga anajenga katikati ya watu. Tunajenga nchi changa. Tukiijenga kila mtu na mlango wake tu, itatubomokea."

Fundi Yahaya aliweka mkono wake, ulio na grisi isiyotoka kwa sabuni, juu ya bega la binti yake.

"Ulinidanganya ili ukacheze, mwanangu, na hilo liliniuma," alisema. "Lakini ulisema kweli ukiwa unaogopa, mbele ya watu, wakati ukuta bado umesimama. Ungengoja kesho, tungekuwa na ukweli na msiba. Likikukuta tena kosa, lifungue mapema hivyo hivyo."

"Nimesikia, baba."

Mwanamke mmoja aliinua mgongo jarubani, akawapungia mkono wenye miche. Kuluthumu aliuliza kama anaweza kusaidia. Akavua ndara, akaingia, na maji yakamfika magotini, baridi, bila haraka yoyote.