Bwawa Lisiloombwa na Mtu

"Umepiga mswaki?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mswaki mkavu?"

Asubuhi nyingi nyumbani kwao zilikwenda hivyo, na mama alikuwa amechoka. Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili, akijulikana na mtaa mzima kwa jina la Chapchap. Jina hilo alipewa na shangazi yake, wala hakulipewa kwa sifa. Kazi yoyote aliyopewa aliimaliza, tena mapema, ila ukiikagua ulitamani angekaa tu. Sahani alizoosha zilibaki na mafuta kwa nyuma. Alifagia katikati ya chumba, pembe akawaachia buibui. Ukimuuliza, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Si nimemaliza lakini?"

Mama yake alikuwa dalali wa nyumba, wala si nyumba za vyumba viwili na uani. Aliuza majumba ya kifahari, yenye sebule tatu, ngazi za marumaru na vyoo vingi kuliko watu. Zamani majumba kama hayo yaligombaniwa hata kabla hayajaezekwa. Lakini mwaka ule soko lilikuwa limenuna. Wateja walikuja, wakagonga kuta, wakasifu vigae, wakanywa juisi waliyoandaliwa, halafu wakaondoka wakisema, "Tutawasiliana." Hiyo tutawasiliana, jamani, mama aliichukia kuliko maumivu ya jino!

Mwenye majumba alikuwa mama mmoja mtu mzima, mhandisi aliyejenga madaraja maisha yake yote. Watu walimwita Bibi Mhandisi. Alipostaafu alijenga nyumba tano juu ya kilima, akampa mama yake Chapchap aziuze. Mwaka na miezi mitatu ikapita, ikauzwa moja tu.

"Mimi sitaki kusikia soko gumu, soko gumu," Bibi Mhandisi alimwambia mama siku moja. "Nataka kujua wanunuzi wa siku hizi wanatafuta nini. Likizo hii ya shule ikiisha hujaniambia, utanirudishia funguo zangu, nitafute dalali mwingine."

Mama hakulala vizuri wiki hiyo. Zile nyumba tano ndizo zilizokuwa riziki yao. Mwishowe akatengeneza karatasi yenye maswali matatu: Umependa nini? Kipi hukukipenda? Ungetaka nyumba iwe na nini? Kisha akamwita binti yake.

"Jumamosi ni siku ya kuonyesha nyumba. Mimi nitawazungusha wageni. Wewe utasimama mlango wa kutokea, kila anayetoka umuulize maswali haya, uandike anachosema. Anachosema yeye, si unachodhani wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia, au umenisikiliza?"

"Vyote, mama!"

Jumamosi ilipofika, mgeni wa kwanza kutoka alikuwa bwana mmoja mwenye miwani. Chapchap alimsalimu kwa adabu, akamuuliza. Loo, alijuta! Yule bwana alizungumzia magoti ya mama yake mzazi kwa dakika ishirini. Mama yake alikuwa anakuja kuishi naye, hawezi ngazi, na vyumba vyote vya kulala viko juu. Chapchap aliandika hadi kiganja kikauma: "Ngazi nyingi mno. Anataka chumba cha kulala cha chini, chenye choo chake."

Nje, kwenye ua uliosakafiwa vizuri, binti wa mlinzi alikuwa anaruka kamba peke yake. Akampungia mkono.

"Nikimaliza huyu mmoja tu," Chapchap alijisemea. Mgeni wa pili alipotokea mlangoni, alimwambia, "Asante, karibu tena," akakimbilia kamba. Waliofuata hata hakuwaona.

Saa kumi kasorobo ndipo akakumbuka. Aliingia kwenye kimojawapo cha vyoo saba vya nyumba ile, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea na karatasi ishirini na sita zilizobaki. Alikuwa na kalamu tatu: ya buluu, nyeusi na nyekundu. Tajiri anataka nini? Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe: bwawa la kuogelea. Nani asiyetaka bwawa? Akaandika bwawa kubwa, bwawa la kina kirefu, bwawa la watoto. Akabadilisha kalamu, akapinda mwandiko, akaandika bwawa lenye mahali pa kuteleza. Robo saa baadaye alitoka akiwa amemaliza, kama kawaida yake.

Jumapili mama aliketi kusoma zile karatasi.

"Ishirini na sita kati ya ishirini na saba wanataka bwawa!" alishangaa. "Na mimi nilidhani mabwawa yameshawachosha watu. Hebu, huyu aliyetaka bwawa la kuteleza ni yupi? Asiwe yule babu mwenye fimbo!"

"Sikumbuki, mama. Watu walikuwa wengi," alijibu Chapchap. Hapo angalau hakudanganya, maana watu kweli walikuwa wengi.

Mama akamkumbatia. Akampigia simu shangazi papo hapo: "Wifi, yule yule unayemwita Chapchap ndiye aliyenifanyia utafiti!" Chapchap alitabasamu, lakini kikombe cha chai akakisukuma pembeni.

Jumatatu Bibi Mhandisi alizipokea karatasi, akazihesabu, akatikisa kichwa kwa mshangao. Hakupenda mabwawa, lakini alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo vilikuwa mbele yake. Ardhi ya kilimani ilikuwa na mteremko. Mahali pekee palipo tambarare nyuma ya kila nyumba palikuwa na chumba kidogo cha chini, kilichotumika kama stoo. Basi, akaamua vyumba hivyo vibomolewe, mabwawa yachimbwe. Kazi ingeanza Alhamisi kwenye nyumba namba mbili.

Chapchap alijaribu kusema ukweli. Wallahi alijaribu. Jumanne mama alishinda kwenye simu. Jumatano Chapchap alifungua kinywa, mama akamwahi: "Mwanangu, wewe umeniokoa." Kinywa kikafungwa tena. Huo ndio ubaya wa uongo, ukiuchelewesha kuutoa unaota mizizi.

Alhamisi walipofika kilimani, mafundi walikuwa wameshaanza. Tingatinga lilinguruma, na ukuta mmoja wa chumba cha chini ulikuwa umelala chini, vumbi tupu. Fundi mkuu alikuwa ameinua nyundo kubwa kuufuata wa pili.

"Shikamoo, bibi," Chapchap alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Huyu ndiye mtafiti wetu?" Bibi Mhandisi alimwita, kofia ngumu kichwani. "Njoo, njoo uone kazi yako!"

Chapchap aliona. Matofali yaliyokuwa mazima kabisa yalikuwa yamevunjika vipande. Akakumbuka dakika ishirini za yule bwana mwenye miwani akisihi apate chumba kama kile kile.

"Simamisheni!" alipiga kelele. "Nilidanganya! Hakuna mtu aliyetaka bwawa!"

Fundi mkuu alishusha nyundo. "Ah! Mtoto, si ungesema jana? Ukuta huu nitaurudisha kwa maombi?"

"Umesemaje?" mama aliuliza.

"Sikuwauliza, mama. Nilikwenda kuruka kamba. Nikajaza mwenyewe chooni."

"Karatasi zote?"

"Zote isipokuwa moja. Ya yule bwana mwenye miwani."

Mama alikaa juu ya rundo la matofali, mikono kichwani. "Mimi niliziapia karatasi hizi! Nilisimama mbele ya watu nikasema mwanangu... Ee Mola wangu, nimekukosea nini mimi? Mswaki mkavu, nikanyamaza. Sahani chafu, nikanyamaza. Sasa ukuta wa mtu!"

Bibi Mhandisi hakupaza sauti. Alinyoosha mkono. "Funguo zangu."

"Bibi, tafadhali!" Chapchap alilia machozi ya kweli. "Usimnyang'anye mama kazi. Kosa ni langu!"

"Lako ni kudanganya. Lake ni kuniletea karatasi bila kuuliza hata mtu mmoja kama ni kweli. Kila mtu abebe lake." Alimtazama mama. "Una la kusema?"

Mama alimwekea funguo mkononi, akafuta uso kwa pindo la kitambaa chake. "Nina moja. Mlinzi ana daftari la wageni. Majina yao na simu zao zimo. Nipe hadi Jumatatu, nikuletee ukweli."

Bibi Mhandisi alifikiri kidogo, akakunja kidole kimoja, akakunja na cha pili. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Funguo nabaki nazo."

Njiani kurudi nyumbani Chapchap alitaka kupewa pole na dunia nzima. Mama hakumpa hata nusu. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema. "Utapiga simu wewe, mmoja mmoja. Mimi nitakaa pembeni kusikiliza."

Wacha! Kuna adhabu nyingi duniani, lakini kumpigia simu mtu mzima na kumwambia ulimwandikia maneno asiyoyasema ni kiboko. Mmoja alikata kabla hajamaliza salamu, akapigiwa tena, akakata tena, mara ya tatu akacheka na kujibu. Mwingine alimkaripia kama mwalimu mkuu. Babu mwenye fimbo aliposikia kwamba aliandikiwa bwawa la kuteleza, alicheka hadi akakohoa, mkewe akaja kuuliza kuna nini. Lakini kilichomuuma Chapchap ni mwanamke mmoja aliyesema kwa upole tu, "Mwanangu, mimi nilisimama pale mlangoni nikingoja kuulizwa. Nilikuwa na mengi ya kusema. Sikuona mtu."

Chapchap aliandika neno kwa neno. Mama alikaa na mikono kifuani, na kila alipoona kalamu inakimbia alikohoa. Kalamu ikapunguza mwendo.

Ukweli ukaanza kutoka. Watu wenye uwezo walikuwa hawajaacha kununua nyumba, ila walikuwa wamebadilika. Wazazi wao wamezeeka na wanahamia kwao, nao wamechoka kuwabeba ngazini. Wengine watoto wao wameshaondoka, nyumba ya sebule tatu inawapa kazi ya kufagia tu. Wengine waliuliza kuhusu maji: bomba likikauka, tangi liko wapi?

Hadi Jumapili jioni, simu tatu zilikuwa hazipatikani. Alizipiga asubuhi, mchana na alasiri, bila mafanikio. Karatasi tatu zilibaki nyeupe mezani. Chapchap alizitazama. Ingekuwa dakika moja tu kuzijaza, na safari hii angejua hata la kuandika, kwa kuwa wengi walisema neno lile lile. Mama alikuwa jikoni. Hakuna ambaye angejua.

Aliandika juu ya kila moja: "Hakupatikana." Akaziweka pamoja na nyingine.

Jumatatu saa mbili kamili walikuwa kilimani. Bibi Mhandisi alisoma akiwa amesimama, karatasi baada ya karatasi. Kumi na wanane walitaka chumba cha kulala cha chini, chenye choo chake. Watano walizungumzia tangi la maji au sebule zilizozidi. Mmoja alitaka bwawa, naye alisema mtoto wake wa miaka saba alikuwa akimvuta shati. Akafika kwenye zile tatu, akazigeuza nyuma na mbele.

"Na hizi?"

"Hawakupatikana, bibi. Sijui wanataka nini."

Bibi Mhandisi alizipanga zile tatu juu ya nyingine. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akamtupia mama. Akageuka. "Fundi! Rudisha ukuta. Panua chumba mita mbili, weka na choo. Nyumba zote nne!"

"Si nilijua," alinung'unika fundi mkuu. "Leo bomoa, kesho jenga. Watu wasomi bwana!" Akaenda kutafuta mchanga, na Chapchap akapewa kazi ya kuokota matofali mazima, moja moja, hadi likizo ikaisha. Mama aliyakagua yote.

Nyumba namba mbili ilinunuliwa kabla rangi haijakauka, na namba nne ikafuata mwezi huo huo. Soko halikuwa limekufa. Lilikuwa linasema, na hakuna aliyekuwa akilisikiliza. Siku ya kukabidhi funguo, Chapchap alijikaza akamfuata Bibi Mhandisi.

"Bibi, siku ile uliniaminije, baada ya yale yote?"

"Nilikuamini kwa zile karatasi tatu ulizoziacha wazi," alijibu Bibi Mhandisi. "Nimejenga madaraja miaka thelathini na tano. Mpimaji akiniambia 'hapa sijapima,' nitampeleka akapime, na daraja litasimama. Akiandika namba ya kubuni, nitajenga juu yake, na siku moja basi la watoto wa shule litapita hapo. Kutojua si aibu, mjukuu wangu. Karatasi tupu ingeniambia kwamba sijui, nami ningeuliza. Karatasi zako ishirini na sita zilinifanya nidhani najua, nami nikabomoa."

Chapchap aliinamisha kichwa. "Sitarudia, bibi."

"Usiniahidi mimi," alisema Bibi Mhandisi, akimwonyesha mama aliyekuwa akifunga mlango kwa uangalifu. "Mwahidi yule. Sisi wengine tulipoteza ukuta. Yeye alikuwa amesimama mbele yetu sote akasema anakuamini."