Waya Mwembamba

Siku walipokutana, maegesho ya duka kubwa yalifurika magari na honi. Dereva wa teksi, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alisimama mbele ya mashine ya kuchajia, amefura kwa hasira.

"Fundi, mashine yenu mbovu! Gari halinywi umeme, linaramba tu!"

Fundi, dada wa ovaroli la buluu na kitambaa chekundu kichwani, aliushika waya aliokuja nao dereva akacheka.

"Mashine haina kosa, kaka. Yenyewe inaliambia gari inaweza kutoa umeme kiasi gani. Waya nao una kiasi unachoweza kubeba. Gari linasikiliza wote, kisha linafuata aliye mnyonge. Huu waya wako mwembamba ndio mnyonge."

"Kwa hiyo?"

"Utakaa hapa mpaka jioni, Bwana Kobe."

Akakaa. Keshokutwa yake akarudi na waya uleule, na wiki zilizofuata pia. Walitafuna karanga kwenye benchi, wakitaniana. Tangu mama yake afariki, Fundi aliishi na redio tu. Hakuna aliyemuuliza ameshindaje. Kobe alimuuliza, tena akasubiri jibu.

Basi mapenzi yakamtia Fundi ujinga. Akaona huruma kwamba mwenzake anakosa abiria, akamnunulia waya mnene.

"Sasa utajaza haraka uende zako, mpenzi."

Kobe alisinyaa. "Asante," alisema. Aliondoka chai yake ikiwa bado ya moto, na hakurudi.

Mwisho Fundi alipiga simu.

"Kobe, umepotea."

"Nipo. Nachajia karibu na nyumbani."

"Waya unafaa?"

"Unafaa sana."

Fundi alitaka kusema amemkumbuka mpaka chakula hakipiti. Akasema, "Haya, endesha salama." Simu ilipokatika alikaa kitandani akalia, redio ikiendelea kusoma habari.

Alasiri moja teksi ikaingia. Fundi alijifanya anafuta mashine iliyokwisha kung'aa.

"Chaji imeniishia njiani," Kobe alisema bila kumtazama.

"Mwongo. Kwa nini ulinikimbia?"

"Si ulinifukuza? Mwenzio nilinunua waya mnene wiki ileile ya kwanza. Uko chini ya kiti mpaka leo. Ule mwembamba nilikuja nao ili nikae."

Fundi aliacha kufuta. "Ule mwembamba uko wapi sasa?"

"Nimeugawa. Niliona kazi yake imekwisha."

Fundi alichomeka waya mnene garini, akafungua kisanduku cha mashine na kuzungusha swichi ya ndani mpaka chini kabisa. Skrini ya gari ikaonyesha saa nyingi za kusubiri.

"Fundi, mashine mbovu tena?"

"Haina kosa. Nimeiambia itoe kidogo." Akafunga kisanduku. "Nimechoka kukaa peke yangu, Kobe. Usiondoke mapema."

Simu ya Kobe ikaita, abiria. Akaizima, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Haya, niambie," alisema. "Leo umeshindaje?"