Toa Mbili

Jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa na njaa, mkuu wangu akaniambia imebaki nyumba moja tu. Moja tu. Maneno hayo hula muda kuliko kazi ya kutwa nzima.

"Nataka sahihi yako tu, kijana," alisema.

Nina miaka arobaini na mmoja, lakini kwake nilikuwa kijana. Kazini tulimwita Bwana Lami, maana alipenda viatu vyake ving'ae na hakupenda kukanyaga mahali ambapo lami haijafika. Siku hiyo alikanyaga matope bila kulalamika. Ningepaswa kujua mapema kuwa kuna jambo.

Kazi yetu ilikuwa kupima. Bahari ilikuwa inakula ardhi upande wa chini wa mji, mwaka hadi mwaka, na ofisi yetu iliwasaidia wenye nyumba kuhama kabla hazijaanguka. Nyumba ikiwa chini ya mita kumi kutoka ukingoni, mwenyewe alipewa kiwanja huku juu, pamoja na mabati na saruji ya kuanzia. Ikizidi kumi, asubiri. Mimi nilishika mwanzo wa tepu ukutani. Yeye aliibeba tepu yenyewe na kutembea kinyumenyume kuelekea ukingoni, akisoma namba kwa sauti. Alitembea kinyumenyume ili aone kama tepu imenyooka. Kwa hiyo macho yake yalikuwa mimi. Nikisema "Basi!" anasimama.

Tepu hiyo ilikuwa mbovu. Mlango wa gari uliibana ukaikata mita mbili za mwanzo, na ofisi ikasema mpya iko njiani. Ikawa inaanzia mbili. Kila akisoma namba, mimi nilipaswa kupaza sauti, "Toa mbili!" Yeye anatoa, ndipo anaandika. Tulifanya hivyo nyumba baada ya nyumba, hadi watoto wa mtaa ule wakanibatiza Toa Mbili.

Siku moja nilinyamaza.

Ilikuwa kwa Mama Pindo, mjane, fundi cherehani aliyeishi na bintiye na mjukuu mchanga. Hakuna mtu mtaa ule ambaye pindo la nguo yake halikupita mikononi mwake. Nilikuwa nimeegemea ukuta wake, nimeshika tepu, akaona kifungo cha shati langu kinaning'inia kooni. Akaja na sindano, akaanza kunishonea shati likiwa mwilini.

"Simama hapo hapo, mwanangu," alisema. "Usitikisike, sindano iko shingoni."

Nikasimama. Hata mate sikumeza. Nilikuwa nimejikaza nisicheke, maana mkononi alinukia mafuta ya cherehani na aliniumauma sikio kwa maneno kuhusu wanaume wasiojua kushona. Kule ukingoni Bwana Lami akasoma, "Kumi na moja!" Akaandika kumi na moja.

Ilikuwa tisa.

Nilikumbuka asubuhi yake, nikifunga kifungo kile kile. Nikakimbia ofisini bila kunywa chai. Bwana Lami hakuinua hata kichwa. "Orodha imeshapelekwa. Unataka nichekwe? Kaa kimya." Nikafyata ulimi. Kutoka ofisini hadi kwa Mama Pindo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ningeweza kwenda kumwambia mwenyewe ahame. Sikwenda. Kila nikikumbuka hilo najichukia.

Wiki tatu baadaye maji yalijaa kupita kawaida, upepo ukavuma, chumba cha mbele kikaenda. Mama Pindo alikuwa ndani anashona. Cherehani ilipatikana mchangani. Yeye hakupatikana.

Sasa bintiye alikuwa ameandika malalamiko, anadai kiwanja. Ndiyo maana tulikuwa tunarudi jioni ile. Bwana Lami alinionyesha fomu ndani ya gari. Aliandika kuwa vipimo vyetu vilikuwa sahihi, kwamba marehemu aliongeza chumba upande wa bahari bila kibali, na kwamba sehemu iliyobaki iko mbali na ukingo, haina hatari. Chini kulikuwa na nafasi ya shahidi.

"Mkuu," nikasema, "yule dada ana mtoto mle ndani."

"Na wewe una kazi. Orodha ya mwisho inafungwa kesho asubuhi. Saini, twende nyumbani."

Nikishika kalamu ile, mama na mtoto wangebaki pale hadi bahari iwafuate. Hilo nililijua vizuri. Na bado nilikuwa najiambia nitasaini. Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mtu ilikuwa imenijaa hadi puani, lakini hasira hailipi kodi ya nyumba.

Bintiye Mama Pindo alitufungulia mlango, mtoto begani. Hakutusalimia. Nyuma yake niliona kitanda, ndoo, na nguo za watu ambazo mama yake hakumaliza kuzishona. Mahali palipokuwa na mlango wa chumba cha mbele pamezibwa kwa bati. Nyuma ya bati hapakuwa na kitu.

"Safari hii pimeni vizuri," alisema. Akafunga mlango.

Bwana Lami akanivuta hadi kona ya nyuma kabisa ya nyumba, karibu na choo. "Shika hapa."

"Lakini tunapimia ukuta wa mbele..."

"Hapa. Na leo sitaki kusikia hiyo toa mbili yako."

Akaanza kurudi nyuma. Tepu ikapita ubavuni mwa nyumba, ikawa inalia juu ya kokoto. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa rangi ya maji ya kufulia. Nilimwona mkuu wangu, koti lake, viatu vyake. Nyuma yake palikuwa na ukungu wa chumvi, na chini mawimbi yanagonga... yanatulia... yanagonga.

"Tano," alisoma. "Sita."

Ndipo nikahisi tepu inavutwa.

Si upande wake. Upande wangu. Nyuma.

Nilidhani imenasa kwenye jiwe. Nikatazama mkononi. Mwanzo wa tepu, pale ilipokatika, siku zote nilikuwa naubana kwa kidole gumba. Sasa tepu haikuishia kwenye kidole changu. Iliendelea. Ilipita chini ya kiganja, ikazunguka kona ya nyumba, ikapotelea nyuma ya choo. Ilikuwa imelowa. Mita mbili zilizopotea zilikuwa zimeunganishwa na tepu yetu kwa uzi mweusi, mishono midogo, iliyolingana, kama pindo la sare ya shule.

Huko nyuma ya kona, mtu alikuwa ameshika.

"Saba! Uko macho wewe?"

"Niko," nilijibu. Sauti ilinitoka nyembamba.

Harufu ikaja. Mwani uliooza, na mafuta ya cherehani.

Nilitaka kuachia tepu nikimbie. Kitu baridi kilinigusa kooni, chembamba, chenye ncha. Kikatulia juu ya ngozi.

"Simama hapo hapo, mwanangu..."

Ilikuwa pumzi, si sauti. Maji yalinidondokea begani, tone, tone.

"Usitikisike."

"Kumi!" alisema Bwana Lami. Alikuwa anacheka. "Umeona? Kumi tayari, na bado naenda. Kumi na moja!"

Nyuma ya kisigino chake niliuona ukingo. Majani machache, kisha hewa. Zilibaki hatua tatu. Nilikuwa na pumzi kifuani. Nilikuwa na neno mdomoni. Neno moja, la herufi nne, nililolisema kila siku ya kazi kwa miaka sita.

"Kumi na mbili. Bado?"

Ncha ikabonyea kidogo.

"Kijana! Bado?"

Wameniuliza mara nyingi kwa nini sikupiga kelele. Polisi wameniuliza, mkewe ameniuliza. Nimewaambia kulikuwa na giza. Wewe nakuambia ukweli: sindano ilikuwa kooni. Lakini kuna ukweli mwingine, na huo naona aibu kuusema. Hata kama isingekuwepo, sina hakika ningesema. Nilimtazama yule mtu anayecheka, nikafikiria ile nafasi ya shahidi, nikatamani.

Na mtu mwingine akajibu kwa niaba yangu. Kwa sauti yangu. Kutoka nyuma ya bega langu.

"Bado, mkuu. Rudi."

Akarudi.

Hakupiga kelele. Tepu ilikaza ghafla, ikanichana kiganja, ikaenda yote. Nilisikia mlio wake juu ya kokoto hadi ukingoni. Kisha wimbi likagonga, likatulia. Kooni hapakuwa na kitu tena. Nyuma ya kona hapakuwa na mtu, ila udongo ulikuwa umelowa mahali pa nyayo mbili.

Walimpata siku ya tatu. Mimi nilikuwepo alipotolewa, nilitakiwa kumtambua. Mikono ya koti lake ilikuwa imeshonwa ubavuni, kulia na kushoto, kuanzia kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono. Asingeweza kuogelea hata angekuwa samaki. Askari mmoja alisema pengine ni nyuzi za wavu zilizomzonga. Mwenzake alipiga magoti, akaitazama ile mishono kwa muda, akasimama na kwenda kuvuta sigara mbali.

Ofisi ilileta mkuu mpya na tepu mpya. Nyumba zote zikapimwa upya. Bintiye Mama Pindo akapata kiwanja juu, mabati, saruji, na mimi mwenyewe nilimsimamia ujenzi hadi paa likakaa. Wakati wa ujenzi nilimweleza habari za kumi na moja na tisa. Nilimwambia kuwa Bwana Lami alikosea kuandika, na kwamba alipoambiwa alikataa kusahihisha. Alilia. Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Marehemu hana mdomo wa kunipinga, nilijiambia.

Juzi yule dada alinialika nikaone nyumba ilivyokamilika. Ilikuwa mchana kweupe. Sakafu ilikuwa bado inanuka saruji. Mtoto alikuwa amelala, naye alinimiminia chai, akaketi mkabala nami, viti viwili na meza katikati. Tukaongea habari za mlango unaokwama. Akanitania kuwa nimenenepa. Kisha akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Kaka, kuna kitu kinanisumbua," alisema polepole. "Mama anakuja. Kila siku ninapofumba macho. Hanitishi. Ananiuliza swali moja tu."

"Swali gani?"

"Anauliza, siku ile ya kwanza, nani alitakiwa kusema?"

Nilitazama chai. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto.

"Si Bwana Lami," aliendelea. "Huyo nimemtaja, mama akatikisa kichwa. Anasema huyo amemalizana naye."

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimeshazoea kunyamaza, na kunyamaza kulikuwa kumenilea vizuri. Lakini yule dada alikuwa amenikaribisha kwake, mtoto alikuwa anakoroma kidogo chumbani, na nilichoka. Nilichoka kabisa.

"Mimi," nikasema. "Nilitakiwa kusema mimi. Nikasahau. Na nilipokumbuka sikuja kuwaambia."

Nilitegemea matusi. Nilitegemea chai ya moto usoni, na ningeipokea. Hakufanya hivyo. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonigandisha damu.

"Anajua, kaka," alinong'ona. "Alikuwa anasubiri useme mwenyewe."

Kisha akainua macho, akatazama nyuma ya bega langu. Akasogeza kiti chake pembeni kidogo, ili mtu apite.