Herufi za Kigoma

Saa tano na nusu. Saa sita kamili kompyuta ya Bertin ingetuma faili, na Fanny asingeliona jua likizama.

Fanny, karani wa bandari ya Kalemie, ndiye aliyetoboa siri ya bunduki zinazovushwa ziwani. Msaliti ndani ya idara ya upelelezi aliliuza jina lake kwa wenye bunduki. Msaliti huyo alikamatwa alfajiri, akataja neno la kufungulia faili lenye jina hilo, lakini faili lilikuwa limeshafika kwa Bertin, dalali wao. Bertin hakupewa neno hilo. Wakubwa wake hawakumwamini kiasi hicho.

Ajenti Arlette aliingia ofisini kwa Bertin kama fundi wa kibodi. Mlinzi, Chadrack, alisimama mlangoni na AK yake, macho kwenye vidole vya Arlette. Fundi anayejaribu kitufe kimoja kimoja hashangazi mtu. Ndiyo maana Jean-Pierre, mtaalamu wa idara, aliipanga kibodi mpya aliyokuja nayo Arlette ili kitufe kimoja kiandike neno zima: *mama wa ziwa*.

Arlette akakibonyeza.

Faili likakataa.

Akabonyeza tena. Likakataa tena. Jaribio la tatu likikosewa, faili lingejituma papo hapo.

Akafungua ukurasa mtupu, akabonyeza mara nyingine.

*,q,q zq wizq*

Lo! Upuuzi gani huu?

Akapiga simu.

"Papa Jean-Pierre, hii klavye, hii kibodi, mulijaribu kwa mashine gani?"

"Ya Kigoma, Mama. Ya Kiingereza."

"Huku njo Kifaransa, Papa."

Jean-Pierre akajilaani mwenyewe. Kibodi haitumi herufi, inatuma mahali pa kitufe. Herufi inaamuliwa na kompyuta, na ya Kifaransa hupanga herufi tofauti na ya Kiingereza.

"Bado?" Chadrack aliuliza, akisogea.

"Vitufe vimepangwa vibaya," Arlette akamjibu, na hakudanganya.

Aliichomeka kibodi kwenye simu yake, akafungua mpangilio. Penye A akaweka Q. Penye W akaweka Z, penye Z akaweka W. M akaihamishia pembeni mwa L. Akahifadhi, akairudisha kwenye kompyuta. Saa sita kasoro dakika tatu.

Kitufe kimoja.

Faili likafunguka.

Alifuta jina la Fanny kama anayejaribu kitufe cha kufutia. Kisha, mahali pake, herufi moja moja, akajaribu vitufe sita vingine: B, E, R, T, I, N.

Akahifadhi, akafunga, akamwachia Chadrack risiti, akatoka taratibu kuelekea sokoni kutafuta samaki.

Saa sita faili likajituma; saa nane Bertin alifika polisi akihema, kiatu mguu mmoja, akiwasihi wamfunge upesi.