Nesi Hakunitazama Usoni

"Huyo mwacheni! Amejitakia mwenyewe!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyosikia nilipofumbua macho wodini. Nilikuwa nimejaribu kujiua... sikufa. Sababu msiniulize.

Aliyesema ni nesi, kavaa barakoa. Mikono myepesi, lakini mdomo... acheni tu!

"Nesi, naomba maji."

"Jana ulitaka kufa, leo unataka maji?"

Mama wa kitanda cha pili akacheka. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke!

Nesi akanibadilishia dripu akiangalia ukuta. Akanipima presha akiangalia ukuta. Usoni hakunitazama hata mara moja.

Mchana akaja na fomu ya ruhusa.

"Unaenda nyumbani. Kitanda kinasubiriwa na wagonjwa wa kweli."

Moyo ukanilipuka paa! Bado nilikuwa nataka kufa, ndugu zangu. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

"Kazi yako?" akauliza, akijaza fomu.

"Mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa manesi."

Kalamu ikasimama. Akainua uso, akanitazama... akashusha barakoa.

"Mwalimu?! Ni wewe?"

Mwanafunzi wangu! Nikadhani ataniomba radhi. Thubutu!

"Si wewe uliyetufundisha? 'Wa kujitakia usimbembeleze, usimtazame usoni, atarudia.' Nilipouliza kwa nini, ukanitoa darasani!"

Nilikosa pa kuuweka uso. Kweli ni mimi! Miaka kumi na tano nafundisha ujinga ule, na wangapi wamefukuzwa wodini kwa sababu yangu, sijui.

"Niliwafundisha vibaya," nikamwambia. "Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

Akakaa kitandani, hasira bado imemjaa.

"Bado unataka kufa?"

"Ndiyo."

Akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni, akaenda kumwita daktari wa akili. Hajanisamehe mpaka leo, na ana haki. Lakini siku ile sikurudishwa nyumbani, ndiyo maana naandika haya.

Wewe uliyeshaanza kukomenti "amejitakia", ngoja kwanza! Ukimuuliza mtu swali lile humpandikizii wazo la kufa. Alikuwa nalo siku nyingi, peke yake. Muulize, halafu usiondoke. Na kama ni wewe unayelibeba wazo hilo, mwambie mtu leo hii. Akikupuuza, mwambie mwingine.