Uzi wa Zambarau

Taa ya njano ya injini iliwaka gari kuukuu liliporuka tuta la kona, ikazima, kisha ikawaka tena mbele ya lango. Nesi akapiga usukani kwa kiganja.

"Dada, imerudi! Na kesho natakiwa niripoti kazini, huko mbali mkoani. Nisipofika, nafasi anapewa mwingine."

Dada yake, fundi umeme wa magari, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza. "Inawaka gari likitikisika tu. Hapa kuna waya umelegea."

Walifungua boneti uani, chini ya dirisha la chumba cha mama yao cha kushonea. Cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma, ikanyamaza. Mama alikuwa akifumua tena pindo la sare ya zambarau ya nesi.

"Mama, bado tu?" nesi aliuliza.

"Halijakaa vizuri," mama alijibu bila kuinua macho.

Fundi alipapasa waya mmoja mmoja. Nyuma ya injini vidole vyake vikasimama. Waya mwembamba wa kihisi, unaopeleka taarifa kwenye taa ile, ulikuwa umekatwa, kisha ukaunganishwa na kuviringishwa kitambaa kilichoacha ncha moja wazi. Ncha zilicheza, kila mtikisiko ziliachana.

"Umekatwa," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu ameukata."

Nesi hakungoja. Alimwita jirani yao, Bisibisi, aliyekuwa ameosha injini hiyo wiki ile.

"Ni wewe! Hutaki niondoke."

"Sitaki, ndiyo. Mtaa mzima unajua nakupenda, isipokuwa wewe," Bisibisi alisema. "Lakini nikikata waya nitapata mke au kesi? Tafuteni panya."

"Panya hutafuna," fundi alisema. "Huu umekatwa sawasawa, kwa mkasi."

"Basi panya wa kisasa."

"Na panya gani huyo anayekata, kisha anashona?"

Akakifunua kitambaa chote penye kiungo. Ndani hamkuwa na gundi wala risasi ya kuchomelea. Waya ulikuwa umefungwa kwa uzi, mizunguko midogo iliyobanana, mwisho umepigwa fundo na kukatwa karibu kabisa. Uzi wa zambarau.

Dirishani, cherehani ilikuwa imenyamaza.

Fundi aliingia ndani. Alitamani kosa liwe la panya. "Mama," alisema taratibu, "fundi wa magari hamalizii kazi yake kwa fundo la pindo."

Mama aliweka mkasi juu ya meza. "Nilitaka akae kidogo tu. Wewe una kwako, yeye anaondoka. Nani nitamwita chai ikiiva?"

"Ningezimikiwa na gari njiani, mama! Peke yangu!" nesi alilia kutoka mlangoni.

"Ndiyo maana nikashona, mwanangu. Nilikata asubuhi, mchana moyo ukanisuta. Nikaunga kwa ninachokijua."

Nesi aliingia ndani. Alikwenda akapiga magoti, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama, juu ya sare yenyewe.

Fundi alirudi uani. Alikata kiungo, akasokota ncha, akazichomelea kwa risasi na kuzifunga tepu. Bisibisi alimshikia waya.

Nesi akaliendesha gari hadi kona. Likaruka tuta. Taa haikuwaka. Likaruka tena likirudi. Dashibodi ikabaki nyeusi.

Ndani, cherehani ilianza kunguruma. Safari hii haikunyamaza mpaka pindo likaisha.